Hatua ya Saba ya Bondeni

Waliofika Mirabani hawajaweza kumwonyesha mtu njia ya kwenda huko, na waliojaribu waliishia kupotea wenyewe. Kwa hiyo tusihangaike na njia. Tumkute Sengondo amekwisha fika, vumbi lingali miguuni, ameketi kwenye kiti cha mgeni na kunywa maji ya ndimu, asijue bado kwamba kiti hicho kina kazi yake.

Sengondo alikuwa fundi wa mizani. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufungua mizani mbovu na kuzifunga tena, mpaka akajua kila kidude kilichomo ndani yake. Kazi hiyo ilimjengea tabia moja: hakusema neno kabla mshale haujatulia. Kwao walimsifu sana kwa hilo. Watu wakigombana walimwita akae kati yao, naye alikaa kimya muda mrefu hata wagomvi wakachoka na kupatana wenyewe. Mchezo wa sataranji nao aliupata vivyo hivyo. Alisimama nyuma ya wachezaji pale kwa kinyozi, akatazama miaka minne kabla ya kugusa kete.

Mirabani ni nchi ya vijiji viwili na mfereji mmoja. Mwinuko iko juu, Bondeni iko chini, na kati yao pana lango la mbao linaloamua maji yaende wapi. Mvua zikikatika, maji hayawatoshi wote. Watu wa nchi nyingine wangeshikiana mapanga. Watu wa Mirabani ni wastaarabu, wao hucheza sataranji. Kila mwaka, mwanzo wa kiangazi, kila kijiji hufanya mashindano ya mwezi mzima na kumtoa mchezaji aliyewashinda wenzake wote. Wawili hao hukutana hadharani, wakacheza mchezo mmoja tu. Kijiji kinachoshinda hufunguliwa maji mpaka mvua zirudi. Kinachoshindwa huchota kwa ndoo, siku mbili kwa juma, maji yanayovuja chini ya lango.

“Ni jambo la haki kabisa,” alisema Bwana Mashimba, Msajili wa Hatua, mzee mpole mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. “Hapa hatuangalii ukoo wa mtu wala misuli yake. Tunaangalia akili.”

“Na hushinda nani?” Sengondo aliuliza.

“Mwinuko.” Kisha, kama aliyeona jibu lake limekuwa fupi mno, akaongeza, “Mpaka sasa.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwanzo. Mwaka huu ni wa mia moja na kumi na mbili.”

Sengondo alikunywa maji yake taratibu. Alidhani labda watu wa Mwinuko wana vichwa vyepesi zaidi, au wanaanza kufundishwa mapema. Hakutaka kudhani zaidi ya hapo.

Msajili akamchukua mpaka uwanjani, kwenye jiwe refu lililochongwa maandishi. Hapo Sengondo akaelezwa Sheria ya Ufunguzi. Mchezo wa kwanza kabisa waliucheza waanzilishi wenyewe, Mzee Lwanda wa Mwinuko kwa kete nyeupe na Mzee Kisamo wa Bondeni kwa kete nyeusi. Hatua zao za mwanzo ziliandikwa kwenye jiwe lile, nane za Mwinuko na saba za Bondeni, na tangu siku ile kila mchezo lazima uanze kwa hatua hizo hizo. Baada ya hapo ndipo saa hugeuzwa, na mchezaji akawa huru kutumia kichwa chake.

“Hatua zile si za mchezaji,” Msajili alisema. “Mkono ni wake, hatua ni za wazee.”

Sengondo akasoma jiwe kutoka juu, akizichezesha kete kichwani. Hatua sita za mwanzo hazikuwa na neno. Zilikuwa zile hatua za kale ambazo hata kwa kinyozi kwao zingetambuliwa: askari wa wafalme walisonga miraba miwili wakatazamana katikati, farasi wakatoka, maaskofu wakafuata na kulenga upande wa wafalme, wafalme wakajificha nyuma ya ngome zao. Ulikuwa ufunguzi wa watu wawili wanaoheshimiana. Kisha akafika hatua ya saba ya Bondeni. Hapo farasi mweusi, aliyekuwa akimlinda askari wa katikati, aliondoka akaenda kusimama pembezoni mwa ubao, ukutani kabisa. Na hatua ya nane ya Mwinuko ilikuwa kumla askari yule aliyeachwa bila mlinzi.

Akasoma mara ya pili, halafu mara ya tatu.

“Huyu farasi,” alisema, “alikwenda kufanya nini?”

Bwana Mashimba akatabasamu kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe. “Hilo, mgeni wangu, ni swali lenye ofisi yake.”

Ofisi ilikuwa upande wa pili wa uwanja, nayo iliitwa Baraza la Ufunguzi. Wasomi saba waliketi humo kila siku isipokuwa sikukuu, na kazi yao ilikuwa kumfafanua farasi. Sengondo alipoingia, wa kwanza alikuwa anashikilia kwamba farasi alikwenda ukutani ili auone ubao mzima. Wa pili alisema hapana, alikwenda kwa unyenyekevu, maana katikati ni mahali pa wenye kiburi. Wa tatu aliwataka wenzake watofautishe kati ya farasi kwenda na farasi kuitwa. Walibishana kwa adabu nyingi, kila mmoja akimsifu mwenzake kabla ya kumpinga.

Aliyesikilizwa zaidi alikuwa Bi Tumsifu, mzaliwa wa Bondeni. Alikuwa ameandika juu ya farasi yule vitabu vitatu vinene, na kwa heshima hiyo alipewa nyumba Mwinuko, yenye bustani na bomba lake.

“Watu wa kwetu hawashindwi kwa sababu ya farasi,” alisema. “Wanashindwa kwa sababu hawajamwelewa farasi.”

Wote wakatikisa vichwa kwa kukubali. Sengondo akakohoa kidogo.

“Samahanini, mimi si msomi. Je, haiwezekani kwamba Mzee Kisamo alikosea tu?”

Hakuna aliyekasirika. Walimtazama kwa huruma, kama watu wazima wanavyomtazama aliyeuliza kama mwezi unaweza kuanguka.

“Kumbukumbu ya siku ile ipo,” alisema yule wa tatu. “Inasema Mzee Kisamo alikuwa na homa, amejifunika blanketi, na aliomba mchezo uahirishwe mpaka kesho yake. Lakini pilau lilikuwa limekwisha pakuliwa.”

“Basi alikuwa mgonjwa.”

“Homa haiondoi hekima, ndugu yangu.”

“Na kamati ndogo iliwahi kuundwa kulitazama swali lako,” Bi Tumsifu alisema kwa upole. “Haikumaliza. Mwenyekiti alifariki, na hakuna aliyekubali kurithi kiti kile.”

Walipotoka nje, Msajili akamweleza Sengondo kazi ya kiti chake mwenyewe. Waanzilishi waliweka sharti kwamba mezani akae mtu wa tatu, mgeni ambaye hajalala nchini hata usiku mmoja, ili asiwe wa juu wala wa chini. Mara tu farasi akishafika ukutani, mgeni huulizwa ameona nini. Akisema “Nimeona sawa,” mchezo unaendelea. Akisema “Sijaona sawa,” kete zote hurudishwa mahali pake, na wachezaji wakaanza upya kwa akili zao.

“Imewahi kutokea?”

“Wageni wetu,” alisema Bwana Mashimba, “wote wamekuwa watu wa heshima.”

Adhuhuri aliletewa wali na kuku, mapaja yote mawili, na mto wa kuegemea. Kisha wachezaji wakaja kumsalimu. Sheria iliruhusu kila mmoja azungumze na mgeni kwa muda wa kumenya chungwa moja, basi. Wa kwanza alikuwa Lutengano wa Mwinuko, mtu mrefu, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alizungusha kisu mara tatu, ganda likaanguka chini.

“Karibu Mirabani, ndugu. Usisumbuke na mimi,” alisema, akaacha chungwa mezani na kuondoka.

Wa pili alikuwa Nyamizi wa Bondeni. Mikono yake ilikuwa ya mkulima, na kisu chake kilitembea juu ya ganda kama kinyonga. Alimenya utepe mwembamba kama uzi.

“Kisu gani hicho, dada?” Sengondo aliuliza.

“Butu. Nimekisugua jiweni juma zima kiwe hivi.” Akacheka. “Umelisoma jiwe lao?”

“Nimelisoma.”

“Na farasi umemwona?”

“Nimemwona.”

“Unamwonaje?”

Sengondo akautazama ule utepe. Uzi wa ganda ulirefuka kidogo.

“Mimi nimefika leo asubuhi,” alisema.

“Ndiyo maana unaulizwa wewe. Sisi tuliozaliwa hapa hatuulizwi.”

“Naona kama pana kasoro. Ila sijasikia upande wote.”

“Umebaki upande gani? Wa maharage yangu?” Akainua kisu kuonyesha kimo cha kidole. “Nina matuta arobaini, miche imefika hapa. Bondeni nzima ni hivyo hivyo. Sikiliza, kaka. Sikuombi useme kwamba nitashinda. Lutengano anajua, anaweza kunichapa hata farasi akibaki kwake. Akinichapa hivyo nitarudi nyumbani nilale usingizi wangu. Mimi nataka nishindwe na Lutengano. Sitaki nishindwe na homa ya marehemu.”

“Na nikisema, itakuwaje?”

“Watu watashangaa. Halafu wetu watapiga vigelegele. Halafu Mwinuko watakununia, na chakula cha jioni hupewi. Kitakuuma?”

“Hakitaniuma.”

“Basi.” Ganda likakatika, likaanguka. Nyamizi akalitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa, akapasua chungwa, akamwekea Sengondo nusu mkononi. “Kula. Tamu, lakini dogo. Ya kwetu yote ni madogo.”

Jua lilipopungua makali, uwanja ulikuwa umejaa. Kamba ilikatiza katikati, Mwinuko huku, Bondeni kule, na maneno yalirushwa juu yake kama mpira.

“Bondeni! Mmekuja na ndoo, au mtaazima zetu?”

“Tumekuja na akili! Nyinyi mmekuja na sabuni!”

“Sabuni hamuijui nyie, maji mtayatoa wapi!”

“Lutengano, baba, usimpige sana mke wa watu!”

“Mke wa watu ndiye atakayekufua leo, nguo na mwili!”

Walicheka pande zote mbili. Sengondo aliona jambo hilo, akaliweka moyoni kama ushahidi: watu wanaocheka pamoja hivi, je, wanaweza kuwa wamedhulumiana?

Msajili akasimama na kuzitangaza hatua za wazee moja moja, na wachezaji wakazifuata bila kutazamana. Askari wakakutana katikati. Farasi, maaskofu, ngome. Kisha Msajili akaita hatua ya saba ya Bondeni, na Nyamizi akamshika farasi wake, akampeleka ukutani, akamweka taratibu sana, kama mtu anayeweka kikombe kisicho chake.

Bwana Mashimba akageuka.

“Mgeni, umeona nini?”

Tusimdhulumu Sengondo. Hakuwa mwoga, na hakuwa amenunuliwa kwa mapaja ya kuku. Aliona vizuri kabisa. Ndani yake mshale ulikuwa umetulia tangu asubuhi, mbele ya jiwe. Lakini alifikiri juu ya miaka mia moja na kumi na mbili, na wasomi saba, na yeye ambaye viatu vyake bado vina vumbi la kwingine. Alifikiri kwamba mtu anaweza kuvunja kwa neno moja kitu ambacho hajui kukiunga. Alifikiri kwamba angepewa juma moja tu, akae na wazee wa Bondeni, asome ile kumbukumbu mwenyewe, angesema kwa uhakika zaidi.

“Naweza kupewa muda kidogo?” aliuliza.

“Mgeni wetu, majibu ni mawili tu,” Msajili alisema kwa upole, “na yote mawili ni mafupi.”

Watu wakacheka kidogo, wala si kwa ubaya. Nyamizi alikuwa anautazama ubao. Mamia ya watu walikuwa wanamngoja yeye peke yake, na Sengondo, ambaye maishani mwake alingoja wengine, akaona aibu kuwangojesha.

“Nimeona sawa,” alisema.

Wakampigia makofi. Bondeni nao walipiga, tena kwa nguvu, kwa maana alijibu vizuri na kwa sauti ya mtu aliyelelewa. Lutengano akainamisha kichwa, akanyoosha mkono, akamla askari wa katikati.

Saa ikageuzwa, na mchezo wenyewe ukaanza.

Sengondo alikuwa amewaona wachezaji wengi, lakini hakuwahi kumwona mtu akicheza kama Nyamizi alivyocheza jioni ile. Alimrudisha farasi wake kutoka ukutani kwa safari ndefu ya hatua nne. Aliipeleka ngome yake kwenye mstari ulio wazi, akabana, akafungua, akabana tena. Mara mbili Lutengano alishika paji la uso. Mara moja wachezaji wa Mwinuko waliosimama karibu na kamba walinong'onezana, na kelele za sabuni na ndoo zilikuwa zimekoma zamani. Kete zilipungua: malkia kwa malkia, ngome kwa ngome, farasi kwa askofu. Walipofika hatua ya hamsini walibaki wafalme wawili na askari wachache, wote wakiwa wamefungana pua kwa pua, isipokuwa mmoja mweupe aliyekuwa katikati na hakuwa na wa kumzuia.

Askari mmoja. Sengondo alihesabu mara mbili, akapata yule yule mmoja.

Askari huyo alitembea mraba kwa mraba mpaka mwisho wa ubao. Nyamizi akamtazama mpaka alipofika, ndipo akamlaza mfalme wake, akampa Lutengano mkono. Vigelegele vikapanda upande wa Mwinuko. Juu ya kelele hizo ulisikika mlio wa mbao nzito zikiteremka, na mfereji wa kwenda Bondeni ukaanza kupungua papo hapo, watu wakiutazama.

Lutengano hakwenda kubebwa na watu wake. Alimsogelea Sengondo akaketi kando yake.

“Nilikuwa nakuombea useme,” alisema.

Sengondo akamgeukia. “Ungeniambia!”

“Ningewaangaliaje watu wangu machoni? Nilimenya lile chungwa upesi ili nisije nikasema.” Akavikunja vidole vyake. “Mwaka huu ni wa sita nashinda, ndugu. Sijui hata leo kama najua kucheza.”

Watu wake wakaja wakamnyanyua mabegani. Alikuwa akitabasamu kama inavyotakiwa.

Asubuhi yake Sengondo alikuwa mlangoni kwa Msajili kabla ofisi haijafunguliwa. Alisema amekuja kubadili neno lake. Aliona kosa tangu mwanzo, na hakusema. Aliyasema hayo kwa utulivu na kwa mpangilio, jambo la kwanza kwanza, la pili la pili, kama alivyozoea.

Bwana Mashimba alimsikiliza mpaka mwisho, akammiminia chai.

“Jana usiku ulilala wapi?”

“Hapa hapa. Nyumba ya wageni.”

“Basi umelala nchini. Neno lako sasa ni sawa na la mwenyeji, na wenyeji hawaulizwi.” Alionekana kuhuzunika kwa kweli. “Laiti ungekuja jana.”

“Jana nilikuwa mezani kwako!”

“Ndiyo. Jana ilikuwa nafasi nzuri sana.” Akaandika kitu kwenye daftari. “Lakini neno lako halitapotea. Nitalifikisha kwenye kamati ndogo.”

“Ile isiyomaliza?”

“Ile ile. Ongeza sukari, mgeni.”

Sengondo hakuongeza. Alishuka njia ya Bondeni, huku mfereji kando yake ukiwa tope tupu, na samaki wadogo wakirukaruka katika vidimbwi vya mwisho. Ilikuwa siku ya ndoo. Watu walikuwa wamepanga foleni chini ya lango, na mzee wa foleni, mwanamke aliyeitwa Bi Kalunde, alikuwa anapima kila mtu kwa kata moja, asimpunje mtu wala asimpendelee. Walipomwona Sengondo walimtambua.

“Shikamoo, bibi,” alisema.

“Marahaba, mwanangu. Jamani, huyu ndiye mgeni wetu! Mpisheni, mpisheni apate maji.”

“Sikuja kunywa maji, bibi. Nimekuja…”

“Utakunywa. Mtu hafiki Bondeni akaondoka na koo kavu.” Akamchotea kata iliyojaa, akamshikisha, na foleni nzima ikamtazama akinywa bila hata mmoja kunung'unika. “Na mimi nina shukrani zangu kwako. Tangu niolewe huku, nilikuwa na shaka na yule farasi. Nilikuwa nasema moyoni, hawa wanatuonea. Jana ulipojibu, moyo wangu ukatua. Nikasema, ikiwa mtu asiye wa huko wala wa huku ameona sawa, basi kosa ni letu. Vijana hawafanyi mazoezi.”

“Kweli kabisa,” alisema mwanamume mmoja nyuma. “Wanapenda kulala.”

“Bibi, nilikosea,” Sengondo alisema. “Sikuona sawa. Yule farasi ni kosa. Mzee Kisamo alikuwa mgonjwa. Mnaanza kila mwaka mkiwa pungufu kwa askari mmoja, na jana Nyamizi ameshindwa kwa askari huyo mmoja. Mngecheza sawa, mngeweza kushinda. Nililijua hilo na nikasema uongo.”

Bi Kalunde alimtazama, na macho yake yakalegea kwa upendo.

“Mnamsikia?” aliwaambia wenzake. “Ametembea njia yote hii kuja kutufariji. Anajitwisha kosa yeye ili sisi tusione haya. Hawa ndio watu waliolelewa.”

“Sifariji, bibi. Nasema kweli.”

“Tunajua, mwanangu. Tunajua.” Akampigapiga mkono. “Usijitese.”

Alisema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Wakamshukuru tena. Mwanamume wa nyuma akatoa kofia.

Nyamizi hakuwa kwenye foleni. Sengondo alimkuta shambani, amepiga magoti kwenye tuta, ndoo yake moja kando, akipunguza miche. Aling'oa mmoja, akaacha mmoja, aling'oa mmoja, akaacha mmoja, ili inayobaki igawane maji yaliyopo. Iliyong'olewa ilikuwa imelala nyuma yake katika mstari mrefu, bado mibichi, bado ya kijani. Alikuwa amefika tuta la tisa.

“Nimewaambia,” Sengondo alisema.

“Nimesikia. Sauti inafika mpaka huku.”

“Hawakuniamini.”

“Nimesikia hilo pia.” Hakuinua kichwa. “Una mikono miwili, kaka. Shika tuta la kumi.”

Akapiga magoti. Udongo wa juu ulikuwa na vumbi, wa chini ulikuwa bado na ubaridi wa juzi. Miche miwili ya kwanza iliota karibu karibu, yenye kimo kimoja na majani manne manne, na alipoinama kuitazama hakuona tofauti yoyote kati yao. Akaugeuza mmoja jani, akaugeuza wa pili. Akatafuta shina lililo nene zaidi. Huenda wa kushoto ulikuwa na mizizi mizuri, lakini huwezi kujua mizizi bila kung'oa. Akakaa akiitazama, mkono umening'inia juu yake, na jua likaanza kumchoma shingo.

Nyamizi alikwisha maliza tuta lake. Akageuka, akamwona.

“Ng'oa, kaka,” alisema, bila ukali. “Ukingoja, itakufa yote miwili.”

Sengondo akang'oa. Mche ukatoka kwa urahisi, na mizizi yake ilikuwa mirefu na myeupe, mizuri kuliko alivyodhani. Akaulaza nyuma yake, akahamia kwa miwili iliyofuata.